Jinsi Boma Letu la Qusais Lilivyojifunza Kusema "Sielewi"

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Na ninyi wa viti vya nyuma, mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu bila kupitia kitandani, Bwana asifiwe tena! Mungu awape nguvu ya kukaa macho mpaka nimalize, maana mchungaji amenipa nafasi, na mimi ni mtu wa Tukuyu. Tukianza kuzungumza hatujui breki ziko wapi.

Kwa wasionijua, naitwa Elisha. Nasoma mambo ya usafirishaji na maghala katika chuo kimoja hapa Dubai, na sasa niko mwaka wa mwisho. Mnaona ninavyotabasamu nikitaja mwaka wa mwisho? Ndugu zangu, kuna kipindi nilijua kabisa kwamba sitaufikia. Leo nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa huko, mimi na wenzangu, na mlango alioutumia.

Nianze na Boma.

Boma ni jina tuliloipa nyumba yetu kule Al Qusais, na ndilo jina la udugu wetu. Tulikuwa wanafunzi wa kiume wa Afrika Mashariki, wa chuo kimoja, tumejazana katika vyumba viwili vyenye vitanda vya juu na chini. Kulikuwa na Watanzania, Wakenya, Waganda. Kulikuwa na Wakristo na Waislamu, na mtu akitaka kusali, mwingine anapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Mgeni akitoka nyumbani tunampokea uwanja wa ndege kwa nyimbo mpaka polisi anatutazama. Mwenzetu akiugua, tunapeana zamu za kumpikia uji. Mmoja alipofiwa na baba yake, hatukuacha alale peke yake hata siku moja. Ukitutazama kwa nje ungesema hawa watoto wamebarikiwa, wamepata familia ugenini.

Na kweli tulikuwa tumebarikiwa. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nauponda udugu wetu. Ninachosema ni kwamba tulipendana katika kila kitu isipokuwa kile kilichotuleta.

Masomo yalikuwa yanatushinda. Si mmoja, si wawili. Boma zima! Kazi za kufanyia nyumbani tulikuwa tunazipita vizuri, kwa sababu aliyemaliza kwanza aliwarushia wengine kwenye simu, nao wakabadilisha maneno hapa na pale. Tuliuita huo upendo. Lakini chumba cha mtihani hakuna wa kukurushia. Kazi za nyumbani tulifaulu pamoja, mitihani tulifeli kila mtu peke yake. Somo la takwimu ndilo lilikuwa jabali letu. Ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi, usome hoteli, usome kompyuta, usome maghala kama mimi. Mhadhiri wake ni mama mmoja kutoka Kerala, mwenye sauti ya upole, na kila baada ya maelezo alikuwa anauliza, "Mmeelewa?" Sisi wa Boma tunakaa mstari mmoja, tunatikisa vichwa pamoja kama kwaya. Ndiyo madam. Tumeelewa madam. Tukitoka nje hakuna anayemuuliza mwenzake chochote. Tunazungumza mpira.

Kabla ya mitihani tulikuwa tunaomba sana, hilo nalo niliseme. Tulifunga. Tulilia. Tulimwomba Mungu atupe majibu, lakini hatukuwahi kumwambia swali lenyewe hatulielewi.

Siku moja afisa wa wanafunzi akatuita ofisini, wote wa Boma. Alizungumza kwa adabu lakini hakuzungukazunguka. Akasema chuo kimeona kwamba wanafunzi wa nyumba ile wanaanguka kwa pamoja, na atakayefeli tena mwisho wa muhula ule ataondolewa. Na ninyi mnaoishi mji huu mnajua maana ya neno hilo. Viza ya mwanafunzi iko mikononi mwa chuo. Chuo kikikuacha, nchi nayo inakuacha.

Tulitoka pale tumenywea. Aliyetuinua alikuwa Kato.

Niwaeleze Kato ni nani, maana bila yeye ushuhuda huu haupo. Kato ni Mganda wa Masaka. Ndiye alikuwa mkubwa wetu pale Boma, kwa umri na kwa kila kitu. Ndiye aliyenipokea mimi uwanja wa ndege. Ndiye aliyenifundisha kupanda metro bila kupotelea kituo cha Union. Ukiwa na huzuni anajua kabla hujasema. Siku ile alitusimamisha pale kituoni akasema, "Vijana, hakuna kitu hapa. Sisi tuko sawa. Tutapita." Tukacheka, tukapanda treni tukarudi nyumbani kupika pilau.

Kato ni pacha. Pacha mwenzake ni mwanamke, anaitwa Babirye, na anafanya kazi ya kulea watoto kwa madam mmoja kule Jumeirah Village Circle. Walizaliwa siku moja, lakini ada kwao ilimtosha mmoja tu. Babirye aliacha shule, akatangulia Dubai, akalea watoto wa watu, na kutoka hapo akamvuta ndugu yake aje asome. Siku zake za mapumziko alikuwa anakuja Boma na matoke kwenye mfuko, anatupikia wote, anatuita "wanafunzi wangu". Kato ndiye alikuwa wa kwanza kwetu kutarajiwa kuhitimu, na Babirye alikuwa ameshashonesha gomesi ya siku hiyo, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, ya rangi ya machungwa. Alituonyesha picha yake kila alipokuja.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa Jumamosi mchana ya muhula uliofuata, sisi tumeponea chupuchupu na bado tuna takwimu, tuko mezani. Kato hayupo, alikuwa amebeba begi asubuhi akasema anakwenda maktaba, kama kawaida yake. Mlango ukagongwa. Ochieng, mwenzetu wa Kisumu anayesoma kompyuta, akafungua. Alikuwa Babirye. Hakuwa na matoke. Alikuwa amevaa vizuri sana, viatu vya kanisani, na hakusalimia.

Ochieng akasema, "Karibu sister, umefika wakati mzuri, kaa tule."

Hakukaa. Akasema, "Mimi nimetoka chuo."

Ochieng akasogeza sahani pembeni.

"Nilienda kuuliza siku ya graduesheni, wageni wanaingia wangapi. Nilitaka kumleta madam na watoto, wamekuwa wema kwangu. Yule msichana wa ofisi akatazama kompyuta. Akatazama tena. Akaniambia huyu mtu hayuko. Ametoka tangu muhula uliopita."

Babirye akatutazama mmoja mmoja. Ndugu zangu, mimi nimetazamwa na watu wengi, lakini macho yale bado ninayo.

Akauliza, "Nyinyi mnalala na yeye chumba kimoja. Mnakula na yeye sahani moja. Mnamwita kaka. Nani kati yenu alijua?"

Hakuna aliyejua! Tulijua Kato anakoroma. Tulijua chai yake ni ya tangawizi bila maziwa. Tulijua timu yake, tulijua jina la msichana aliyemkataa Masaka. Hatukujua kwamba alikuwa ameondolewa chuoni. Suleiman, kijana wa Unguja aliyekaa pembeni yangu, akajaribu kusema, "Dada, wallahi sisi..."

Na hapo hapo ufunguo ukazunguka mlangoni, Kato akaingia na begi lake mgongoni.

Alimwona dada yake, akaona viatu vile vya kanisani, akajua. Alikaa chini pale pale mlangoni, na begi bado mgongoni.

Babirye akamuuliza kwa sauti ndogo, "Kato, unaendaga wapi asubuhi?"

"Bustanini," akasema. "Kule upande wa Karama. Jua likiwa kali naingia dukani, naketi kwenye viti vya wateja. Jioni narudi."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi niliyetoka na wewe tumbo moja!"

Kato akafunika uso. Alipojibu hakumjibu dada yake peke yake, alitujibu sote. "Kila aliyefika hapa, mimi ndiye nilimwambia itawezekana. Sasa ningesema aje kwamba mimi ndiye imenishinda? Hesabu zile sikuzielewa tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Nilingoja mmoja wenu aseme haelewi, na mimi niseme. Hakuna aliyesema."

Jamani.

Niliposikia hivyo nilihisi kama mtu amefungua dirisha kifuani mwangu na upepo wa moto ukaingia. Kwa sababu mimi nami nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimekaa mstari mmoja na Kato, natikisa kichwa, nangoja mtu aseme. Naye ananitazama mimi natikisa kichwa, anajiambia, kumbe Elisha anaelewa, ni mimi tu mjinga. Tulidanganyana kwa vichwa, bila kusema hata neno moja la uongo.

Babirye aliondoka bila kula. Kato alimsindikiza mpaka kituoni, na aliporudi alipanda kitandani akageukia ukutani. Mimi nilitoka kwenye kibaraza tunakoanikia nguo, jioni ile jua linashuka nyuma ya majengo ya maghala, nikapiga magoti katikati ya mashati yaliyolowa. Wapangaji wa ng'ambo walikuwa wananiona. Sikujali. Nikasema, "Bwana, sielewi. Sielewi takwimu. Sielewi nimefikaje hapa. Nilikuwa nakuja kwako nikijifanya najua, kama ninavyofanya kwa madam. Leo nakuambia ukweli, sina ninachokijua."

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Lakini niliposimama magoti yamelowa maji ya nguo, woga ulikuwa umepungua. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu kusema neno hilo kwa mtu yeyote, na Yule wa kwanza kuambiwa hakunicheka.

Jumatatu ilipofika tuko darasani. Mstari wetu una kiti kimoja kitupu katikati, na tulikuwa tumekiacha kitupu muhula mzima tukiamini kwamba Kato amehamishiwa kundi la jioni, kama alivyotuambia. Madam akaeleza, akaandika, akageuka. "Mmeelewa?"

Vichwa vikaanza kutikisika. Mkono wangu ukapanda. Nawaambia ukweli, si mimi niliyeunyanyua. Ulikuwa mzito kama gunia.

"Madam, mimi sielewi."

Akasema, "Sawa. Tangu wapi?"

Nikasema, "Tangu mwanzo."

Darasa likaangua kicheko! Wahindi, Waarabu, Wafilipino, wote. Masikio yangu yaliwaka moto. Madam hakucheka. Aliweka kalamu yake mezani, akangoja kicheko kiishe chenyewe, kisha akauliza, "Nani mwingine?"

Nikatazama mbele, sikuthubutu kugeuka. Kisha nikasikia kiti kikikwaruza, na sauti ya Ochieng, "Hata mimi, madam. Manze, hata mimi." Baadaye Suleiman. Baadaye dada mmoja wa Kihindi wa mstari wa mbele, ambaye tulidhani ndiye bingwa wa darasa. Baadaye wale wale waliocheka! Haleluya! Mikono ilipanda kama watu wanaoitikia wito wa madhabahu, nami nikainama nikalia juu ya meza kama mtoto.

Madam akasema jambo ambalo sitalisahau. Alisema, "Nimefundisha somo hili miaka mingi nikiwauliza swali lisilofaa." Tangu siku hiyo hakuuliza tena "mmeelewa". Alikuwa anamwita mtu mmoja na kumwambia, "Mweleze jirani yako." Na akafungua mlango wa ofisi yake mchana, kwa yeyote.

Ndugu zangu, msidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kule Boma kulizuka vita. Nilitoa wazo kwamba meza ya kulia iwe ya kusomea kila jioni kabla ya chakula, na kwamba hakuna tena kurushiana kazi kwenye simu. Na mtu asiseme "nimeelewa" mpaka aweze kumweleza mwenzake naye akaridhika. Wengine walikasirika. Ochieng mwenyewe, aliyesimama na mimi darasani, alinigeukia. "Buda, sasa hii imekuwa shule ya boarding? Nimetoka kwetu nikiwa mtu mzima." Mwingine akasema ninaleta ulokole kwenye masomo. Wawili walifunga mizigo wakahamia Karama, wakasema Boma limekufa. Siku walipoondoka nilijiuliza kama ni Mungu aliyeniongoza ama ni kichwa changu kigumu cha Kinyakyusa.

Aliyelituliza Boma ni Suleiman. Yeye ni Mwislamu, na ameniruhusu nimtaje mbele yenu. Mungu wetu hutumia anayemtaka! Suleiman ni mpole, haongei sana. Jioni moja tumekaa mezani kwa kununa, yeye anamimina chai. Akasema kwa kile Kiunguja chake, "Jamani, natizama vijiko vya sukari hapa. Sote twatia kidogo. Ochieng peke yake ajaza kikombe kama apanda muwa."

Tukacheka. Ochieng akasema, "Niache na sukari yangu."

"Haya. Sasa mtu wa nje akichanganya sukari yetu sote akaigawa sawa kwa sawa, atasema vijana hawa wapenda sukari sana. Kumbe mpenda sukari ni mmoja. Huo ndio wastani. Wastani hausemi uongo, lakini waweza kumficha mtu ndani yake."

Ochieng akaweka kikombe chini. Akauliza, "Ndio hiyo tu? Hiyo kitu imenisumbua mwaka mzima ni hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo. Na mie nilidhani naifahamu, mpaka nilipoisema sasa hivi ndipo nimeifahamu kweli."

Mimi sikucheka tena. Nilikuwa nawaza Kato. Mtu wa nje akitutazama Boma, akichanganya vicheko vyetu vyote na kuvigawa, angesema hawa vijana wana furaha. Na ndani ya wastani huo ndugu yetu alikuwa anaketi bustanini peke yake na begi la vitabu.

Kutoka jioni ile Ochieng akawa wa kwanza mezani. Na akawa mwalimu wetu mkali kuliko wote, kwa sababu yeye haridhiki! Ukimweleza kitu anauliza kwa nini. Ukimjibu anauliza tena kwa nini. Anakukera mpaka unatamani kumtupia sahani, lakini ukimaliza kumridhisha Ochieng, hakuna mtihani utakaokutisha. Ule utaratibu wetu wa kusalimiana ukabadilika pia. Zamani ukiingia ndani unaulizwa, "Umekula?" Sasa unaulizwa, "Leo hukuelewa nini?" Na mtu anajibu bila aibu huku anavua viatu. Mnajua ni uhuru gani huo? Kuvua viatu na kuvua aibu kwa wakati mmoja!

Na Kato?

Kato hakuwa anakuja mezani. Alilala akitazama ukuta. Mimi na Suleiman tulimwambia twende chuoni pamoja, akakataa. Tukamwambia tena, akakataa. Mwisho Babirye alimpigia simu, na simu ilikuwa wazi, tulisikia. Alisema, "Kato, mimi nimekasirika, nitakasirika mpaka nichoke. Lakini sikuzaliwa na wewe ili nirudi kwa mama peke yangu. Amka uende na ndugu zako."

Akaamka. Yule afisa wa wanafunzi alitusikiliza. Kumrudisha alisema haiwezekani, kanuni ni kanuni. Lakini alipofungua kompyuta akakuta kwamba kule kufutwa kwa viza, ambako kulipaswa kuwa kumefanyika zamani, kulikuwa hakujakamilika. Hata yeye alishangaa. Akasema, "Nisikilize vizuri. Ukipata chuo kingine kabla hili halijakamilika, unahama. Ukichelewa, khalas, sina la kufanya." Wengine wataita hiyo bahati, ama uzembe wa ofisi. Mimi naiita kwa jina lake. Ni rehema!

Kilipatikana chuo kidogo kilichokubali kumpokea, lakini aanze chini kabisa, ngazi ya cheti, pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi. Kato mwenye ndevu! Kato aliyekuwa amebakiza hatua chache ahitimu! Lakini mwenyewe akasema kwa utaratibu, "Nikianza chini angalau nitajua niko wapi."

Babirye alikubali kuendelea kumsaidia kwa sharti moja. Kila Jumapili mchana Kato ampigie simu amfundishe alichojifunza wiki ile. Alisema, "Na mimi nilitaka shule. Utanipa yangu kwa simu." Basi Jumapili tukitoka hapa kanisani tunamsikia Kato kibarazani anaeleza, na upande wa pili Babirye anamkatiza, "Rudia hapo. Sijashika." Na Kato, ambaye zamani angesema "acha tu", anarudia.

Siku ya mtihani wa takwimu ilifika. Swali la kwanza nikaliona jipya kabisa, giza tupu. Kalamu ikawa inateleza kwa jasho ingawa kiyoyozi kilikuwa kinatetemesha meno. Nikafumba macho, na sikumwomba Mungu anipe jibu. Nilisema tu, "Baba, tusome pamoja hili swali." Nikalisoma polepole. Ghafla nikasikia kichwani mwangu sauti ya Ochieng ikinibishia, "Kwa nini? Na kwa nini tena?" Nikaanza kumjibu kwenye karatasi. Nikamjibu, nikamjibu, mpaka msimamizi akasema muda umekwisha.

Nilifaulu. Si alama ya kupigiwa vigelegele, wapendwa, msinitangaze kwa mama yangu kama profesa. Alama ya kawaida ya mtu aliyeelewa. Suleiman yeye alipasua anga, akaongoza darasa. Ochieng alipita akapiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mmoja wetu hakufaulu, nalo nalisema kwa sababu hapa ni nyumba ya kweli. Tulikwenda naye mpaka mlangoni kwa madam, akapewa nafasi ya kurudia, na safari hii hakutembea bustanini peke yake. Wale wawili waliohamia Karama, mmoja amerudi. Alibisha hodi na mfuko wa machungwa akauliza kama meza bado ina kiti. Na yule afisa alituita tena, akatuuliza tumeajiri mwalimu gani. Tukamwambia ni meza ya kulia.

Kwa hiyo namshukuru Mungu. Namshukuru kwa ajili ya Kato, ambaye amemaliza muhula wake wa kwanza kwenye chuo kile na amefaulu yote, na yuko pale karibu na feni, msimtazame sana, ana haya. Namshukuru kwa Babirye na kwa madam wake anayempa ruhusa ya Jumapili. Namshukuru kwa mhadhiri yule aliyengoja kicheko kiishe. Nalishukuru kanisa hili kwa maharage mliyotuletea wakati wa mitihani, hamkujua mlikuwa mnalisha nini.

Na sasa nageuka kwako. Labda wewe si mwanafunzi. Labda wewe ni mlinzi wa getini, ni mpishi, ni dada wa kazi, na kila wakikuuliza nyumbani unasema, "Huku tuko salama, hakuna neno." Umetikisa kichwa mpaka shingo inauma. Mimi sina elimu ya kukuhubiria. Nakuambia tu nilichokiona. Mungu hakunisaidia nilipojifanya najua, alinisaidia nilipokiri kwamba sijui. Mwambie Yeye. Ukimaliza kumwambia Yeye, mwambie na huyo aliyeketi karibu nawe, kwa maana huenda naye anangoja mmoja aanze. Mwaminini Mungu huyu, ndugu zangu. Ana subira ya mwalimu mwema.

Nimesikia mchungaji anakohoa, nimeelewa! Basi neno moja. Kesho asubuhi nina mtihani mwingine, na huu ni mgumu, na kuna sura nzima ambayo Ochieng bado hajaridhika nayo. Niombeeni. Na mtakaonipigia simu leo jioni kunipongeza kwa ushuhuda, mnisamehe, simu itakuwa imezimwa. Nitakuwa mezani.